Kupiga picha kutoka Uyole hadi Ziwa Nyasa bila lenzi kushika ukungu

Kijana mmoja kaniletea picha zake za Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zote zina weupe, na jua anasema lilikuwa linawaka. Kamera nzima kabisa. Tatizo lipo hatua ya tatu. Kama una haraka, nenda moja kwa moja huko.

1. Msimu. Kuanzia Juni hivi, mvua ikishakata, Mlima Rungwe unaonekana vizuri. Kufika Septemba mashamba yanachomwa na moshi unaifuta milima. Maua ya hifadhi ya Kitulo ni safari nyingine, wakati wa mvua.

2. Vifaa. Lenzi moja ya milimita 35 au 50. Zoom ndefu iache nyumbani, inakuzoesha kuwaibia watu picha kwa mbali. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, baridi inaimaliza.

3. Kushuka. Isyonje, njiani ukitoka Uyole ya Mbeya kwenda Tukuyu, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Matema haifiki 500. Kamera iliyolala kwenye baridi ya milima ya Uporoto ukiitoa kwenye joto la ziwani, inatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka, kukiwa bado baridi, itie kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga, ndipo uweke begini. Usiifungue ndani ya Kosta iliyojaa madirisha yamefungwa. Pumzi za abiria zinatosha kuiharibu. Ukifika, iache kivulini ndani ya mfuko wake nusu saa, lenzi nzito hata saa nzima. Pitisha kidole juu ya mfuko: kama nje kuna umande, bado.

Umeshachelewa na kioo kimeshika ukungu? Usifute kwa shati, utakikwaruza na umande utarudi. Usibadilishe lenzi, maana unyevu utaingia ndani. Zima, toa betri, subiri penye upepo, siyo kwenye dashibodi juani. Watakwambia ufukie kwenye mchele. Mchele wa Kyela ni wa kula, vumbi lake halifai kamera. Kusanya vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, viweke begini. Begi likikaa na unyevu wiki nzima, kuvu huota ndani ya lenzi, na fundi wa kuiondoa ni wa kutafuta.

Kupanda kurudi Mbeya hakuna shida hii.

4. Ukungu wenyewe. Asubuhi kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu kamera inaona weupe, inadhani mwanga umezidi, inatia giza. Ongeza mwanga kwa +1 kwenye kitufe chenye alama ya +/-. Weka mgomba au mchuma chai karibu, picha ipate pa kushika.

5. Watu. Kamera ibaki begani mpaka umalize "Shikamoo mama" na kununua ndizi. Ndipo uombe. Mtoto, muombe mzazi wake. Akikataa, sema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, endelea na safari.

Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ziwani, mimi huenda kwa mtumbwi kutoka Matema, kamera ikiwa kwenye mfuko uleule wa zipu. Akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Anza na vidole vyenye udongo. Uso utaupata wakishakuzoea. Nunua chungu. Andika namba ya simu ya kila uliyempiga picha na umtumie picha yake jioni hiyohiyo, kabla hujaanza kuchagua za kwako.