Kabla Hujabadilisha Breki Pedi za Nyuma kwenye Gari la Hendibreki ya Kitufe

Kama gari lako halina mkono wa hendibreki katikati ya viti, wala pedeli ndogo ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, ila lina kitufe chenye herufi P ndani ya duara, soma hapa kabla hujaliweka jeki. Mombasa magari haya yamejaa. Yanashuka bandarini kutoka Japani, yanapita kwa wakala, mwenyewe analitoa, na siku breki za nyuma zikianza kulia analipeleka kwa fundi aliyezoea Probox. Fundi huyo si mbaya. Breki za Probox atakufungulia huku anapiga soga. Lakini gari hili lina kompyuta inayoamua yenyewe lini ifunge hendibreki, na mtu akiingiza mkono pale bila kuiambia, hasara ni ya mwenye gari.

Breki za mbele hazina neno, fungua kama kawaida. Maneno yote yanayofuata ni ya nyuma.

Anza kwa kujua gari lako ni la aina gani, maana hendibreki za umeme si zote sawa. Chungulia nyuma ya kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski, ya gurudumu la nyuma. Ukiona kidude cheusi cha plastiki kimefungwa kwa boliti mbili na waya unaingia kwa plagi, hiyo ndiyo mota. Mota hiyo inazungusha skrubu iliyo ndani ya pistoni, skrubu inasukuma pistoni, pistoni inabana pedi. Volkswagen Passat iliyotoka 2005 ilikuja hivyo, na leo magari mengi yanafuata mtindo huo. Usipoona kidude pale, huenda mota imekaa mbali chini ya gari, inavuta kebo, na kebo inabana breki shuu ndogo zilizofichwa ndani ya diski. Subaru Legacy na Outback za kizazi cha 2009 ziko hivyo. Hizo za kebo, pistoni yake ni ya kawaida na pedi zinabadilishwa kama za gari lolote, mradi hendibreki umeiachilia. Kwa hiyo usimpe mtu pesa za mashine ya kusoma kompyuta kabla hujachungulia.

Spea nunua kwa nambari ya chesisi. Jina la gari halitoshi. Mazda CX-5 za mwanzo, za 2012, zilikuja na hendibreki ya kuvuta kwa mkono. Baada ya mabadiliko ya 2015 zikaja za kitufe. Ukiziona kwa nje unaweza kuapa ni gari moja. Ukienda dukani na neno "CX-5" tu, utapewa kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Beba pedi kuukuu moja, ilinganishe umbo na masikio yake pale pale kaunta. Nunua za pande zote mbili, usibadilishe upande mmoja eti wa pili bado. Gari la Ulaya huwa na kijiwaya cha kuonya pedi zikiisha; uliza kama kinauzwa pamoja au mbali. Na usingoje chuma kigonge diski. Pedi mpya huwa na unene wa milimita kumi au zaidi kidogo. Ikibaki milimita tatu, toa.

Mahali pa kufanyia kazi. Sakafu ngumu iliyolala sawa. Nyua zetu nyingi ni mchanga, na jeki juu ya mchanga hujichimbia taratibu wewe ukiwa umelala chini, kwa hiyo weka ubao mnene. Gari likae juu ya stendi za chuma. Nimeona sana watu wakiegemeza gari kwa tofali la matumbawe kwa sababu limejaa kila ujenzi: tofali lile linabeba ukuta, halibebi ncha ya chuma. Hupasuka bila kukuaga. Magurudumu ya mbele yawekee mawe au vigingi, mbele na nyuma yake, wala usiseme gari liko kwenye gia ya P. Kumbuka unachokwenda kufanya ni kuiondoa hendibreki kazini. Kuanzia hapo haipo.

Betri iwe na afya. Utawasha swichi bila injini kwa muda mrefu, mota zile zinakula umeme, na betri ikishuka katikati ya kazi kompyuta inagoma na pistoni zimebaki nusu njia. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa. Kama yako ni ile ya kusukuma asubuhi, unga chaja kabla hujaanza, usingoje taa zififie.

Sasa mashine. Magari mengi yanataka mashine ya kusoma kompyuta iliyo na kipengele cha hendibreki ya umeme. Unaingiza gari kwenye hali ya sevisi na mota zinarudisha skrubu nyuma mpaka mwisho. Mashine ndogo ya kufuta taa ya injini, ile ya bluutuu ya bei rahisi, mara nyingi haina kipengele hicho, kwa hiyo muulize fundi akuonyeshe kwenye kioo chake kabla hajafungua nati hata moja. Baadhi ya magari, Mazda na Honda zikiwemo, yana utaratibu wa pedeli na kitufe usiohitaji mashine, lakini unatofautiana mwaka kwa mwaka na modeli kwa modeli. Utafute wa gari lako hasa, usichukue wa gari la shemeji. Tabu nyingine ni kwamba kitabu kilichokuja na gari ni cha Kijapani na maneno ya dashibodi ni ya Kijapani vilevile. Piga picha kioo cha dashibodi, simu ikutafsirie, ndipo ujue umeambiwa "matengenezo" au umeambiwa "hitilafu".

Na klampu? Usimruhusu mtu aisukume pistoni kwa klampu kabla skrubu haijarudi. Pistoni imeegemea skrubu. Ukiilazimisha unaumiza meno ya skrubu au gia za mota, na kalipa hiyo umeinunulia kaburi. Skrubu ikisharudi, pistoni inaingia kwa nguvu ndogo tu. Ikikataa, simama, jiulize kama kweli imerudi.

Hayo yote mafundi wanaojua watakuambia. Hili linalofuata hawakuambii, na ndilo lililonifanya niandike.

Jirani yetu mmoja wa Tudor alileta fundi nyumbani Jumamosi baada ya adhuhuri, joto la Februari, lile ambalo hata paka hulala chini ya bomba. Fundi hakuwa na mashine, lakini alikuwa na akili: alifungua mota kwenye kalipa, akarudisha skrubu kwa mkono taratibu, akairudishia mota na boliti zake, akachomeka plagi. Pistoni ikaingia vizuri. Pedi kuukuu zimetoka, kalipa inaning'inia kwa waya alioufunga kwenye springi, na yeye akainuka kwenda kusugua kibano cha pedi kwa brashi pale penye bomba. Mpaka hapo hakuna aliyemlaumu.

Mpwa wa yule jirani, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amekaa kiti cha mbele mlango wazi, kachoka. Ufunguo uko kwenye kishikio cha kikombe. Akafunga mlango, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, injini ikawaka, akafungua kiyoyozi.

"We, Saidi! Zima gari!"

"Joto, mjomba. Dakika tu."

"Zima nakwambia!"

Akazima. Na gari lile, kama mengi ya siku hizi, limeundwa likizimwa lijifungie hendibreki lenyewe. Sote tuliisikia ile sauti, nziii, ndogo, ya sekunde chache. Upande wenye pedi ilinyamaza mapema. Upande wa kalipa inayoning'inia haikuwa na kitu cha kubana, ikaendelea. Pistoni ikatoka, ikatoka, kiraba cha vumbi kikavutika kikachanika, sili ikaachia, na mafuta ya breki yakaanza kudondoka mchangani. Fundi alikuja mbio na brashi mkononi, akasimama pale anaangalia vidole vyake. Dakika mbili nyuma vilikuwa ndani ya kalipa ile, vinapapasa uso wa pistoni kuona kama ina kutu.

Gari lilibaki juu ya stendi mpaka kalipa nyingine ya mtumba ikapatikana. Ikafungwa, hewa ikatolewa kwenye breki, bado taa ya hendibreki ikawa inawakawaka, na mwisho wa yote mashine iliyokwepwa ikaja kulipiwa vilevile, maana kompyuta ilikuwa haijui tena pistoni ziko wapi.

Basi agizo ni hili, na sitalilegeza. Kabla kalipa haijatoka mahali pake, gari liwe limeingia hali ya sevisi kwa mashine au kwa utaratibu wake, na umeona uthibitisho kwenye kioo. Asikae mtu ndani. Mtoto, mpwa, mzee aliyechoka, wote wapelekwe barazani wapewe maji. Ufunguo, hasa huu wa kisasa usioingizwa popote, uende ndani ya nyumba ukakae kabatini. Usiutie mfukoni ukachuchumaa nao kando ya gari, wala usiuache kwenye kiti. Kama utaratibu wa gari lako unataka swichi ibaki imewashwa, basi kaa mlangoni uwe bawabu. Mimi huongeza na kuchomoa plagi ya mota nikiwa nafanya kazi upande huo. Mtu akiwasha swichi, kompyuta itaandika kosa, na kosa linafutika. Kidole hakifutiki.

Kabla ya kusukuma pistoni, angalia kopo la mafuta ya breki. Likiwa limejaa mpaka juu litafurika, na mafuta yale yanakula rangi ya gari. Nyonya kidogo kwa sirinji. Kama yamekuwa meusi, yabadilishe yote. Yanavuta unyevu wa hewani, na unyevu wa pwani unaujua. Miaka miwili inatosha. Soma kifuniko kama yanatakiwa DOT 3 au DOT 4.

Pini ambazo kalipa huteleza juu yake ndizo zinazokufa kwanza huku kwetu kwa hewa ya chumvi. Zitoe, zifute, zitie grisi ya breki. Grisi ya bearingi inavimbisha raba, pini zinakwama, na pedi ya ndani inaisha huku ya nje bado nene. Vumbi la pedi usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Usifute diski kwa mafuta ya taa.

Ukisharudisha kila kitu, usiwe na haraka ya kutoa gari. Kanyaga pedeli ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana mara za kwanza itazama mpaka chini. Ndipo utoe gari kwenye hali ya sevisi na mashine iweke pistoni upya. Funga na fungua hendibreki mara tatu nne, mtu mmoja asikilize kila upande: sauti zifanane. Taa ikibaki inawaka, kazi haijaisha, fundi asikuambie itajizima njiani. Nati za gurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Magari mengi madogo huwa kati ya 100 na 140 Nm, kitabu kitakupa yako.

Majaribio yafanye alfajiri, barabara tupu. Punguza mwendo kutoka 60 hivi mpaka karibu 20, bila kusimama kabisa, acha zipoe, rudia. Pedi mpya hazishiki sawasawa siku ya kwanza. Kwa hiyo usitoke gereji moja kwa moja ukapanga foleni Likoni. Ule mteremko wa kushukia feri, kuna watu wa miguu mbele yako na lori nyuma, si mahali pa kujua kama hendibreki inashika. Itafute mteremko mdogo mtaani, ifunge, toa mguu, ukiwa tayari kukanyaga.

Siku zinazofuata chungulia kopo la mafuta, gusa hewa karibu na kila gurudumu baada ya safari, moja lisiwe na joto kuliko mwenzake, na nati zikaze tena baada ya kilomita mia. Ukilaza gari Nyali karibu na bahari, asubuhi utakuta diski zimepiga kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Hiyo haina neno, inafutika breki za kwanza. Ila ukikuta kutu imebaki mduara mzima upande mmoja na mwingine unang'aa, pini zimekwama. Rudi kwa fundi, na ufunguo uache nyumbani mpaka autake.