Namna ya kusafiri barabara kuu bila kuandikiwa mwendo, na namna ya kupinga tochi usiyokubaliana nayo

Dereva anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Dumila, Gairo, Kibaigwa na makazi mengine mengi madogo, na karibu kila mahali hukutana na kibao cha 50, rasta zinazotikisa usukani, na mara nyingi askari mwenye tochi, yaani kifaa cha kupima mwendo wa gari. Katika safari za namna hii ndipo yanapozaliwa mabishano ambayo yamefika hadi bungeni: madereva hulalamika kwamba vibao vimezidi na kwamba askari hujibanza vichakani kwa ajili ya kukusanya fedha, ilhali polisi, pamoja na familia zilizozika ndugu zao, husema kwamba bila tochi hakuna dereva angepunguza mwendo. Kwa maoni yangu namba 50 yenyewe ina sababu nzuri, lakini mahali inapowekwa na namna faini inavyotozwa pana kasoro. Dereva anayetofautisha mambo hayo mawili husafiri kwa utulivu zaidi, na anapokuwa na hoja, huipeleka mahali inapoweza kusikilizwa.

Anza kwa kuijua sheria kabla ya kuwasha gari. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari mazito yenye uzito unaozidi kilo 3,500, hata pale barabara inaponyooka bila nyumba wala mtu. Mwenye gari dogo afuate kibao kilichopo mbele yake, na akumbuke kwamba kuendesha kwa hatari ni kosa linalojitegemea, kwa hiyo mvua, ukungu au msongamano vinaweza kufanya mwendo ulio chini ya namba ya kibao uwe bado ni mkubwa mno.

Sababu ya vibao vingi kuwa barabarani inatokana na historia ya makazi yetu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamishia watu wengi kandokando ya barabara, na tangu hapo maduka, shule, magulio na vituo vya bodaboda vimezidi kusogea kwenye lami. Barabara kuu ya Tanzania, kwa hiyo, ni pia barabara ya kijiji, na mtoto anayetumwa dukani huivuka mara kadhaa kwa siku. Dereva makini huchukua sekunde moja na nusu hivi tangu aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki; kwenye lami kavu, gari linalokwenda 50 husimama baada ya mita 35 hivi, na linalokwenda 80 huhitaji karibu mita 70. Tofauti kubwa imejificha katika sehemu ya kwanza ya umbali huo, kwa kuwa katika mwendo wa 80 mita 33 huisha kabla breki hazijaanza kushika, na mtu aliyetokea mita 35 mbele hugongwa na gari ambalo bado lina karibu mwendo wake wote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65.

Hatua ya pili ni kupanga muda wa safari kwa hesabu ya kweli, kwa sababu wengi wanaonaswa ni watu waliojiwekea saa ya kufika isiyowezekana. Chukua mfano wa njia yenye makazi 20, kila moja likiwa na kilomita mbili za kibao cha 50. Kilomita hizo 40 zitakuchukua dakika 48 ukitii, na dakika 30 ukipita kwa 80. Dakika 18 si kidogo, na nisingependa kumdhihaki dereva anayezilalamikia, lakini zinajulikana mapema na zinaweza kuongezwa kwenye ratiba kabla ya kuondoka. Ondoka nusu saa mapema, na hutakuwa na haja ya kuzitafuta dakika hizo ndani ya kijiji cha watu.

Kisha kagua kama spidomita yako inasema kweli. Viwanda hutengeneza spidomita isionyeshe chini ya mwendo halisi, hivyo gari lenye matairi ya kiwandani kwa kawaida huwa linakwenda polepole kidogo kuliko namba unayoisoma. Kinga hiyo hupotea unapofunga matairi au rimu zenye mzingo mkubwa zaidi, jambo lililozoeleka kwa wanaotaka gari liinuke kwa ajili ya barabara za vumbi: gurudumu kubwa husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, na sindano ikiwa kwenye 50 wewe unaweza kuwa kwenye 54. Washa programu ya ramani inayopima mwendo kwa setilaiti, mwachie abiria aisome kwenye sehemu iliyonyooka ukiwa katika mwendo usiobadilika, kisha linganisha na sindano yako.

Ukiwa njiani, zingatia mwisho wa eneo kuliko mwanzo wake. Mwanzoni kuna kibao, rasta na pengine matuta, na ni vigumu kusema hukuona. Mwishoni nyumba zimepungua, barabara imefunguka, lori lililokuwa mbele limeanza kuvuta, na mguu hukanyaga mafuta wenyewe kabla ya kufikia kibao cha 50 kilichokatwa kwa mistari. Hapo ndipo tochi nyingi hupigwa, na dereva huapa kwamba alikuwa amekwisha kutoka kijijini. Kwa hiyo jizoeze kutoongeza mwendo kwa kuangalia nyumba, bali ongeza baada ya kukipita kibao cha mwisho. Ikiwa kibao hicho kimeng'olewa au kimefunikwa na matawi, endelea kwa mwendo wa tahadhari na usome alama ya kilomita iliyo karibu, kwa sababu utaihitaji baadaye.

Desturi ya kuwashiana taa ili kuonyana kuhusu tochi sitaipigia debe, na kasoro yake ni ya kiutendaji kabisa: hukufanya upunguze mwendo alipo askari na uongeze walipo watoto. Tena, askari huhama, na taa ulizowashiwa zinaweza kuwa zinahusu ng'ombe waliokaa katikati ya lami.

Barabara ya Iringa inastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Humo kikomo ni 70 mchana na 50 usiku, na anayegonga mnyama hutozwa kulingana na aina ya mnyama huyo, kwa viwango vinavyotajwa kwa dola za Marekani. Usiku nyati asimamaye barabarani haonekani mpaka taa zimfikie, na ukubwa wa gari lako hautakuokoa.

Sasa tuseme umesimamishwa. Washa indiketa, egesha nje kabisa ya lami, zima injini, msalimie askari, na mpe leseni anapoiomba. Usianze na hoja ya ubovu wa kibao, kwa sababu aliyesimama mbele yako hakukiweka: barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, na yeye amepewa kazi ya kutekeleza kilichoandikwa. Omba kwa upole kuona picha. Mara nyingi askari wawili hufanya kazi pamoja, mmoja akipiga tochi nyuma na mwingine akisimamisha magari mbele baada ya kutumiwa picha kwa simu, na ndiyo maana hukumwona aliyekupima.

Unapoiangalia picha, soma namba ya gari kwanza, kwani magari ya rangi na aina moja hufuatana, na kosa la kusimamisha lisilohusika linawezekana. Kisha soma mwendo, tarehe, saa na umbali. Umbali ndio madereva wengi wanaoupuuza, ingawa ndio wenye uzito mkubwa zaidi katika ubishi wa mahali. Tochi zinazopiga picha hutumia miale ya leza na zinaweza kulipima gari likiwa mita mia kadhaa kutoka kwa askari; ikiwa askari alisimama mita 100 ndani ya eneo la 50, na picha inaonyesha mita 300, basi gari lilipimwa likiwa bado mita 200 kabla ya kibao, na mwendo huo haukuwa kosa la kuvuka 50. Hesabu hiyo hiyo inaweza kukuumbua, hivyo uifanye kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Hoja nyingine iliyozoeleka, kwamba askari alipiga kutoka pembeni na hivyo namba imeongezeka, haina mashiko: askari aliyesimama akipima kwa pembe hupata namba iliyo chini ya mwendo halisi.

Baada ya hapo una njia mbili. Ukikiri, utaandikiwa notifikesheni ya faini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa la gari. Usipokiri, una haki ya kusema kwamba unataka shauri liende mahakamani, ambako upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya maana. Lipime jambo hili kwa akili badala ya hasira. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeandikiwa Gairo atatumia nauli, malazi na siku za kazi zinazozidi faini mara nyingi, na hali hiyo ndiyo inayowafanya watu wenye hoja nzuri walipe na kunyamaza. Kwa dereva anayeishi karibu, au dereva wa kampuni ambaye kosa litaathiri ajira yake, mahakama inaweza kuwa na faida. Kwa vyovyote vile, andika mahali, saa, alama ya kilomita na namba ya askari iliyo kwenye sare yake, na ikiwa tatizo ni mwenendo wa askari, peleka maelezo kwa maandishi kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa, ambaye wengi humwita RTO.

Kuna njia ya tatu inayopita mkono kwa mkono pamoja na leseni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na ukiombwa unaweza kupiga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Madereva wanaodai kwamba tochi ni mradi wa watu binafsi wakumbuke kwamba mradi wa namna hiyo hauwezi kusimama bila noti zao.

Ukikubali faini, ilipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo uliyopewa, kupitia simu au benki, ndani ya muda ulioandikwa, kwa sababu deni linalocheleweshwa huongezeka. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie. Mfumo wa polisi unaopatikana mtandaoni kwa anwani tms.tpf.go.tz hukuwezesha kuingiza namba ya gari na kuona madeni yote, na ni busara kuutazama kila mwezi ikiwa gari lako linaendeshwa na mtu mwingine. Anayenunua gari lililotumika naye aangalie kabla ya kutoa fedha, kwani deni hufuata namba ya gari.

Linabaki suala la kibao chenyewe. Ukiamini kwamba eneo fulani la 50 limerefushwa bila sababu, au kwamba kibao cha mwisho hakipo, andika barua kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa husika. Barua yenye maneno "vibao vimezidi" haitamsaidia mtu. Taja jina la barabara, alama za kilomita mbili zinazozunguka eneo hilo, upande wa barabara, umbali kutoka kibao hadi nyumba ya kwanza na kutoka nyumba ya mwisho hadi kibao cha kumaliza, na kama kuna shule, zahanati au gulio. Ambatisha picha zilizopigwa na abiria, za mchana na za usiku. Peleka nakala kwa RTO na kwa uongozi wa kijiji, kwa sababu wanakijiji ndio watakaoulizwa kwanza, na pengine watakueleza juu ya ajali usizozijua ambazo ndizo zilizokileta kibao hicho.

Suala la faini ya kiwango kimoja lina njia tofauti, kwa kuwa linahitaji mabadiliko ya sheria na kanuni, na hapo mlango ni mbunge wako. Kwa utaratibu huo wa kiwango kimoja, aliyekamatwa na 54 kwenye eneo la 50 na aliyekamatwa na 95 mahali hapo hapo wanaweza kuandikiwa faini ile ile, jambo linalomfanya wa kwanza ajione ameonewa na wa pili ajione amepona kwa bei nafuu. Kenya, katika kanuni zake za makosa madogo za mwaka 2016, ilipanga ngazi: anayezidi kwa kilomita zisizopita tano huonywa, wa kilomita sita hadi kumi hutozwa shilingi 500 za Kenya, wa 11 hadi 15 hutozwa 3,000, wa 16 hadi 20 hutozwa 10,000, na aliyezidi hapo hupelekwa mahakamani. Dereva anayemwandikia mbunge wake akiwa na jedwali kama hilo mkononi, na pendekezo la viwango kwa shilingi ya Tanzania, atakuwa amempa kitu anachoweza kukisimamia katika kikao cha bajeti, ambako viwango vya faini hizi vimewahi kujadiliwa na kubadilishwa: mwaka 2021, kwa mfano, Serikali ilipendekeza faini ya bodaboda na bajaji ishushwe kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000.