Wakili wa kampuni Ulaya, barua pepe yako haina kinga

Mawakili mlioajiriwa na kampuni Ulaya, hasa mliosajiliwa Nairobi au Dar: wakaguzi wa Tume ya Ulaya wanaosimamia ushindani wa kibiashara wakibisha hodi, ushauri uliomwandikia bosi wanausoma. Kesi ya kampuni ya Akzo Nobel katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, 2010, ilimaliza ubishi. Barua pepe mbili kati ya meneja na wakili wa kampuni zilikosa kinga ya siri ya wakili na mteja, na huyo wakili alikuwa mwanachama wa chama cha mawakili cha Uholanzi! Sembuse wewe. Kwenye mahakama za London kuna nafuu: kesi ya kampuni ya mafuta ya Tatneft, 2020, iliwakinga hata mawakili wa kampuni waliosajiliwa ng'ambo. Kwa hiyo suala la bei au washindani likizuka, ushauri wa maandishi utoke kwa wakili wa kujitegemea aliyesajiliwa hukohuko Ulaya. Kugonga muhuri wa “SIRI” hakusaidii kitu.