Kabla hujauza wimbo kama tokeni, uliza faili litakaa wapi

Nina studio ndogo Bamburi, na siku hizi msanii akimaliza tu kurekodi ananigeukia: "Kaka, huu nao tuuuze kwa blokcheni?" Anamaanisha kuuza tokeni, yaani rekodi ya umiliki iliyoandikwa kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi. Wengi wamesikia habari za 3LAU, yule DJ wa Marekani aliyeuza tokeni za albamu yake kwa zaidi ya dola milioni 11 mapema mwaka 2021. Huyo mtoe akilini. Alikuwa na mashabiki waliojaza sarafu za Ethereum, mojawapo ya blokcheni hizo, wakitafuta pa kuzitumia, na msimu ule umepita. Hapa tunazungumzia wimbo mmoja, nakala chache na bei ya kawaida.

Elewa kwanza unachouza. Mnunuzi anapata nakala yenye namba, pamoja na rekodi ya kwamba ni yake na anaweza kuiuza tena. Hapati hakimiliki wala masta (rekodi ya asili), na hana ruhusa ya kuuweka wimbo wako kwenye tangazo la duka lake, labda uwe umemwandikia hivyo. Kuna aina nyingine, ya kuuza sehemu ya mapato ya strimu. Ndivyo rapa Nas alivyofanya na nyimbo zake mbili mwaka 2022 kupitia Royal, jukwaa ambalo 3LAU huyohuyo ni mwanzilishi wake. Hiyo usiiguse bila wakili.

Halafu karatasi. Kabla hujafungua kompyuta, andikeni nani anapata asilimia ngapi: mwimbaji, mtunzi, prodyuza, hata yule mpiga udi aliyekuja jioni moja akaweka vipande viwili vya mwanzo. Kama biti mliikodi mtandaoni, someni mkataba wake mstari kwa mstari, maana nyingi za bei rahisi zina mipaka ya namna ya kuuza. Mkishakubaliana, kila mmoja afungue pochi yake ya kidijitali (programu ya kutunzia sarafu na tokeni), na anwani za pochi zote ziingizwe kwenye mkataba wa mgawanyo, yaani programu inayogawa pesa yenyewe. Kwenye Ethereum kuna Splits inayofanya kazi hiyo: mauzo yakiingia, kila mtu fungu lake limeshatengwa. Kwa maoni yangu hili ndilo zuri kuliko yote katika teknolojia hii. Wanamuziki wa Pwani tunavyogombana kuhusu hesabu, wacha mashine igawe.

Sasa lile la faili. Tokeni haibebi sauti, inabeba anwani inayoonyesha sauti ilipo. WAV ya dakika nne ni kama MB 40, na hakuna anayeweka mzigo huo juu ya Ethereum yenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza jukwaa lolote ni: mkifunga ofisi, wimbo utabaki wapi? FTX, kampuni ya soko la sarafu za kidijitali, ilipofilisika Novemba 2022, tokeni zilizotengenezwa kwenye soko lake zilibaki kwenye pochi za watu, lakini anwani zake zikawa zinafungua ukurasa wa habari za ufilisi. Hic et Nunc, soko la tokeni kwenye blokcheni ya Tezos, lilifungwa na mwanzilishi wake Novemba 2021, ila kwa kuwa kazi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye IPFS (mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta za watu wengi), watumiaji waliinua tovuti nyingine na biashara ikaendelea.

Jipimie mwenyewe. Chukua tokeni ya wimbo wowote ambao jukwaa hilo limeshauza, ifungue kwenye tovuti ya kukagua miamala, kisha tafuta tokenURI, mstari wenye ile anwani. Ukiona ipfs au ar (ya Arweave, hifadhi nyingine ya faili) mwanzoni, afadhali. Ukiona anwani ya kawaida yenye jina la kampuni, jua wimbo unategemea kampuni hiyo kulipa bili ya seva. Na IPFS nayo inataka mtu wa kuendelea kulihifadhi faili, wakati Arweave unalipia mara moja mwanzoni.

Majukwaa yenyewe hayafanani. Catalog ilijengwa kwa nakala moja tu ya kila wimbo, bei kwa ETH, sarafu ya Ethereum. Sound ilianza Desemba 2021 ikiuza nakala chache chache, na mnunuzi aliweza kubandika maoni kwenye sekunde aliyoipenda. Akiiuza tokeni, na nafasi ya maoni inamfuata mnunuzi mpya. Jukwaa liitwalo Nina lilichagua blokcheni ya Solana, bei kwa sarafu ya USDC na faili kwenye Arweave, na msanii alibaki na pesa yote ya mauzo ya kwanza. Mimi huvutiwa na mpango kama wa Nina, kwa sababu USDC moja inafuata dola moja na shabiki hahitaji kupiga hesabu za ETH. Lakini majukwaa haya hufungwa na kubadilika kila mara, basi hakikisha bado linapokea nyimbo mpya.

Asilimia anayopata msanii tokeni yake ikiuzwa tena usiitie kwenye bajeti. OpenSea, soko kubwa la tokeni, iliifanya hiari mwaka 2023, na mnunuzi akipewa hiari ya kulipa, wewe unajua.

Ukiwa mkusanyaji wa tokeni, weka pochi mbili: moja ya kununulia, nyingine ya kuhifadhia ambayo haigusi tovuti yoyote. Yale maneno 12 ya siri ya kurejesha pochi yaandike kwa kalamu, usiyapige picha. Pochi ikikuomba ruhusa ya kusimamia tokeni zako zote kwenye tovuti usiyoijua, kataa.

Kutoa pesa: wengi hapa huuza USDC kwa mtu mwingine kupitia soko la sarafu na kulipwa M-Pesa. Usiachie sarafu kwa sababu ya SMS, fungua salio ulione. Jina la aliyetuma lazima lifanane na lililo kwenye akaunti yake ya soko. Likiwa tofauti, usiachie chochote, fungua malalamiko hapohapo kwenye oda na uambatanishe picha ya muamala.