Unataka gobore la kwanza na hela ni ya mawazo? Soma kabla hujatoa

Wadau wa Urambo, Kaliua, Sikonge, na nyie wa Kibondo na Kasulu upande wa Kigoma, hela ya tumbaku ikishaingia swali linakuwa ni lile lile, bwana nina kihela kidogo nataka gobore la kuwindia, nichukue lipi? Jibu langu halimfurahishi mtu: usianze na gobore. Anza na karatasi, ukimaliza karatasi ulizia baruti inapatikana wapi, bunduki yenyewe iwe ya tatu, maana gobore la bei chee lisilo na karatasi wala baruti ya kueleweka ni fimbo nzito tu na tena ya kukupeleka mahakamani.

Kwenye karatasi ni hivi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haibagui, gobore nalo ni silaha, liwe la babu liwe la fundi wa kijijini, huna leseni huruhusiwi kulishika. Maombi unaanzia serikali ya kijiji au mtaa wako halafu yanapanda polisi wilayani na kuendelea juu, kwa hiyo jipange kusubiri na jipange na ada. Kama kuna gobore la marehemu mzee limelala darini halina karatasi usiende nalo porini "kulijaribu", kuna vipindi serikali inatangaza kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, tumia hicho kipindi. Halafu leseni ya silaha siyo ruhusa ya kuwinda! Hapa ndo wengi wanapoangukia. Kuwinda kuna kibali chake chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) uulize mambo matatu kwa pamoja: mnyama gani, eneo lipi, na silaha gani inaruhusiwa kwa huyo mnyama. Hilo la tatu liulize kabla hujanunua chochote maana ndo linaamua ununue nini. Na usijidanganye na pori la akiba la Moyowosi au Mto Ugalla kwa sababu tu vipo jirani, Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, na kesi za nyara zinaendaga kama uhujumu uchumi, hutoki kwa faini ya mbuzi wawili.

Haya, tuje kwenye chombo sasa. Gobore ni bunduki ya kushindilia, unatia baruti kwa mdomo wa mtutu, unafuatisha risasi, unasukuma na mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka chini, moto unatokea kwenye kitako cha mtutu. Tofauti kubwa ziko mbili tu. Ya kwanza ni ndani ya mtutu, kuna mtutu laini na kuna mtutu wenye mifereji inayozunguka. Kama kibali chako ni cha kanga na kwale chukua mtutu laini, unapiga marisau, yale magoroli madogo madogo, yanatawanyika vizuri, ukiweka marisau kwenye mtutu wa mifereji yanatawanyika hovyo unabaki unatisha ndege tu. Kama ni mnyama wa miguu minne basi mtutu wa mifereji ndo wenyewe, risasi inazunguka inaenda inapoelekezwa, na kwa risasi ya duara iliyofungwa kitambaa mi sikushauri upige zaidi ya mita 70 hivi, mnyama akiwa mbali zaidi msogelee au muache aende zake. Kipimo cha tundu la mtutu cha nusu inchi, yaani kile wanachokiita 50, ndo kimezoeleka zaidi kwenye zile za kiwandani kwa hiyo hata kutafuta risasi zake ni afadhali.

Tofauti ya pili ni moto. Lipo gumegume, linatoa cheche kwa jiwe, halihitaji fataki (kidude kinacholipuka kikigongwa) lakini kwa mtu wa kwanza kwanza ni mateso, likipata unyevu linagoma, na kati ya kuvuta na kulia kuna kachelewesho kidogo ambako mkono ukitikisika umekosa. Lipo la fataki, nyundo inapiga kakofia kadogo ka shaba, hili ndo naliona linamfaa anayeanza, rahisi kuelewa na rahisi kusafisha. Halafu yapo ya kisasa ambayo unayakunja kama shotigani na yanatumia fataki ya 209, aina ile ya risasi za shotigani, mfano CVA Wolf au Traditions Buckstalker, huko Marekani zimekuwa zikiuzwa chini ya dola 300 na watu wanazisifia kwa anayeanza, ila hiyo ni bei ya kule, ukija huku kuna kibali cha kuingiza, usafiri na ushuru, na siku fataki za 209 zikikosekana dukani umekaa nayo. Zile za Pedersoli za Italia ni nzuri mno lakini haziko kwenye mada ya bei nafuu, tuziache. Kwa hiyo kanuni yangu ya kuchagua moto ni moja, nenda kwa muuzaji mwenye leseni uliza ana fataki gani na baruti gani muda wote siyo leo tu, halafu nunua gobore linalokula hizo.

Na baruti, jamani, baruti. Gobore linakula baruti nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili ya magobore kama Pyrodex, basi. Ile ya kufumua kwenye risasi za kisasa USIWEKE, hata kijiko, msukumo wake ni mkubwa mtutu unapasuka na uso wako ndo uko jirani. Za migodini hivyo hivyo. Wanyamwezi na baruti tumejuana zamani, rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, walitembea na magobore, na mtemi Isike mwaka 1893 Wajerumani walipoingia ngome yake pale Ipuli alilipua ghala lake la baruti akiwemo ndani, kwa hiyo hakuna wa kutuambia hatujui inachofanya. Iweke kwenye kopo lake la asili, mbali na jiko na watoto, ifunge na kufuli.

Sasa umeletewa gobore lililotumika, mwenyewe ana leseni na anauza kihalali, unalikaguaje? Kitu cha kwanza hakikisha halina kitu ndani. Elekeza mtutu pembeni, hakikisha hakuna fataki, ingiza mdeki mpaka ugote, weka alama ya kidole kwenye mdomo wa mtutu, uutoe uulaze kwa nje ya mtutu. Ncha ikifika usawa wa pale moto unapoingilia, liko tupu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla, limeshindiliwa hilo, mwambie mwenyewe alitoe na usiendelee na chochote mpaka limetoka. Yapo magobore yamekaa ukutani miaka na mzigo ndani na mwenyewe anakuapia halina kitu.

Likiwa tupu mulika tochi ndani. Kutu ya juu juu inatoka, mashimo ya kutu chini kule baruti inapokaa hayatoki, achana nalo. Funga kitambaa kwenye mdeki kibane kidogo uupitishe taratibu, ukisikia sehemu umelegea ghafla halafu unabana tena basi mtutu umevimba hapo, ulishawahi kunusurika kupasuka, utapasuka kwako. Angalia kachuchu kanapokaa fataki, kasiwe kamechakaa wala kamechomelewa. Vuta nyundo nusu, ikae, kisha bonyeza kifyatulio kwa nguvu: isianguke, ikianguka hapo ni hatari tupu hata kama wamekushushia bei. Mbao angalia shingoni pale mkono unaposhika, ndo zinapopasukia. Na mtutu wa bomba la maji au chuma cha stelingi ya gari hata ukipewa bure kataa, lile chuma halikupimwa kwa msukumo wa baruti, na kupiga vizuri mara mia hakumaanishi ya mia na moja.

Kwenye bajeti usimalizie hela yote kwenye chombo. Unahitaji kipimo cha baruti, maana hatumimini kutoka kopo moja kwa moja kwenye mtutu uliotoka kupiga, cheche ikibaki ndani kopo zima linakulipukia mkononi. Unahitaji mdeki imara, na uweke mkwaruzo wa alama risasi inapokuwa imekaa chini kabisa, ili ujue haikuishia katikati na ujue hujashindilia mara mbili. Miwani ya macho pia. Usafi ni maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo umepiga, kausha, paka mafuta, ukilala bila kusafisha kutu inaanza. Na likigoma kulia usiligeuze kuliangalia! Liache limeelekea salama dakika nzima au zaidi, linaweza kulia kwa kuchelewa.

Mkikubaliana bei msikabidhiane chini ya mwembe. Andikeni makubaliano, toa kishika uchumba kidogo, gobore libaki kwa mwenye leseni mpaka polisi wamekamilisha uhamisho na jina lako limekaa kwenye leseni, ndo umalizie iliyobaki. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mwingine anakuja na hela kamili jioni, mwache huyo mwingine alichukue.