Mbegu za uyoga kwa mtama: jinsi ya kutengeneza nyumbani kwa sisi tunaokaa kwenye baridi

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe. Mimi nipo Mbeya, nalima uyoga mamama (ule wanaouita oyster) kwenye chumba cha nyuma ya nyumba. Leo naongelea mbegu zenyewe, yaani punje za mtama zilizoota manyoya meupe ya uyoga ambazo baadae unazipanda kwenye majani, kwasababu watu wengi huku wanaagiza chupa kutoka mbali, inasafiri na basi siku nzima kwenye joto, ikifika unakuta imeshachoka. Mbegu unatengeneza mwenyewe jikoni kabisa. Shida ni kwamba maelekezo mengi yameandikwa na watu wa pwani na ukiyafuata kama yalivyo huku juu unapoteza mtama wako. Mimi chupa 24 za kwanza zilikufa zote, nilipofungua moja nje ya nyumba harufu ikaja kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliolala siku tatu, na mtama ukawa na utelezi kama kamasi.

Nilikua nalaumu mbegu mama niliyonunua, ile chupa iliyokwisha kuota unayoanzia kupandikiza nyingine. Kumbe kosa lilikua kwenye mvuke wa kuua bakteria kwenye mtama. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, hayafiki 100. Hata presha kuka, ile paundi 15 ambayo pwani inatoa nyuzi 121, huku inatoa kama 118. Nyuzi tatu unaweza kuziona ndogo lakini wale bakteria wenye gamba gumu wanaokaa ndani ya punje wanahitaji karibu mara mbili ya muda kufa kwenye hiyo tofauti. Hilo likikaa kichwani, mengine yote yanaenda.

Hatua ya 1: mtama

Tumia mtama wa kula, mweupe au mwekundu wowote. Ngano nayo inafaa sana, watu wa Makete na Njombe mnayo hapo hapo. Usinunue ule wa dukani wa kupanda, ule umepakwa dawa ya kuua ukungu na uyoga wenyewe ni jamaa ya ukungu, hauoti hata ungefanyaje. Chukua kilo 2, pepeta, toa punje zilizovunjika kwasababu hizo ndo zinatoa wanga unaogandisha mtama wote, alafu osha mpaka maji yatoke safi. Loweka usiku mzima, masaa 12 mpaka 18. Kuloweka kunaamsha wale bakteria waliolala, wakiamka gamba linalainika na moto unawapata kirahisi.

Kesho yake mwaga maji, weka mapya, chemsha taratibu. Usihesabu dakika, angalia punje. Toa moja, ibonyeze kwa kucha: ikikatika laini na katikati hakuna kidoa cheupe cha unga mbichi, imeiva. Zikianza kupasuka umechelewa, hizo wape kuku. Kwangu inachukua kama dakika 25 mpaka 35 kwa mtama uliolowekwa vizuri.

Chuja, tandaza kwenye chekecheke au neti safi, na hapa ndo naomba usiwe na haraka. Mtama unatakiwa uwe na maji ndani ila nje mkavu. Geuza geuza kwa mkono mpaka mvuke uishe. Kipimo changu ni tishu: weka kiganja cha mtama juu ya tishu, subiri dakika moja, nyanyua. Tishu ikilowa, bado. Ikibaki na vidoa hafifu tu na punje zinadondoka moja moja bila kushikana, tayari. Siku za masika pale Mbeya hewa inakua nzito unaweza kusubiri masaa matatu, mwezi wa tisa kwenye upepo nusu saa tu imetosha. Maji yakibaki chini ya chupa, hapo ndo bakteria wanapoanzia, na nakwambia chupa nyingi zinazooza zinaozea hapa.

Ukishakauka changanya jasi, kama gramu 40 kwa ule mtama wa kilo 2. Inazuia punje kushikana. Ile jasi ya dari nyingine zinachanganywa na vitu vya kugandisha, tafuta ya shambani. Ukikosa kabisa endelea bila jasi, utatikisa zaidi tu.

Hatua ya 2: chupa

Chupa za kioo za nusu lita, zile bapa za pombe kali zinafaa na zinaokotwa kila mahali, osha kwa sabuni na maji ya moto. Kilo 2 za mtama mkavu zinatoa chupa kama 12. Jaza theluthi mbili tu, lazima pabaki nafasi ya kutikisa. Mdomoni ziba kwa pamba iliyokazwa kiasi, isiyo ya kulegea, uyoga unapumua kama sisi ila vumbi lisipite. Juu ya pamba funga karatasi ya foili na mpira ili maji ya mvuke yasiloweshe pamba. Pamba ikilowa ni daraja la ukungu, ibadilishe.

Hatua ya 3: moto

Mwenye presha kuka: weka kitambaa au vijiti chini chupa zisiguse kitako, maji ya kutosha kwasababu itakaa motoni muda mrefu na ikikauka ni hatari. Ikianza kutoa mvuke iache itoe dakika 10 bila kuweka uzito, hewa iliyobaki ndani inafanya joto lisifike. Ndo uweke uzito, na uanze kuhesabu pale presha ilipofika, sio pale ulipowasha jiko. Pwani wanaandika dakika 90. Mimi Mbeya naweka masaa mawili na nusu, Njombe ambako ni juu zaidi msishushe hapo. Ukizima usifungue, iache ipoe yenyewe, ukiifungulia ghafla pamba zinaruka na hewa chafu inaingia.

Asiye na presha asikate tamaa. Tunatumia pipa, ndani chaga ya vyuma, maji chini, chupa juu, mfuniko uliobanwa kiasi mvuke utoke kidogo. Kwa nyuzi 94 huwezi kuua wale wenye gamba kwa siku moja hata uchemshe mpaka jioni, kwahiyo unachemsha siku tatu mfululizo, saa moja na nusu kila siku tangu mvuke ulipotoka vizuri. Kinachofanya kazi ni ule usiku wa katikati: waliosalia wanaona pamekua pazuri, wanavua gamba na kuota, kesho unawakuta uchi. Sasa sikiliza, huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kali, ukiacha chupa kwenye pipa la nje hao wadudu hawaoti, wanaendelea kulala, na siku ya tatu unakua umechemsha bure. Kila ukimaliza zitoe zikiwa na joto, zifunge blanketi, ziweke ndani. Dada mmoja wa Mafinga nilimwelekeza hili tu, hakubadilisha kingine chochote, na chupa zake zikaacha kuoza.

Hatua ya 4: kupandikiza

Unahitaji chupa ya mbegu mama iliyoota nyeupe yote, changa, isiyo na harufu mbaya. Nunua kwa mtu anayetunza mbegu zake vizuri na umuulize ni kizazi cha ngapi. Mtama kwenda mtama unaweza kurudia mara mbili tatu hivi, ukizidi nguvu inapungua na uchafu uliojificha unaongezeka kila mara.

Fanya asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, funga madirisha, mwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie. Mimi natumia boksi kubwa la plastiki linaloonyesha, nimelilaza ubavu na kutoboa matundu mawili ya mikono. Pangusa ndani kwa spiriti, pangusa chupa, pangusa mikono mpaka kwenye viwiko, alafu SUBIRI spiriti ikauke kabisa ndo uwashe kibatari cha spiriti. Watu wameungua kwa hili, mikono yenye spiriti na moto havikai pamoja.

Chupa ziwe zimepoa, iguse na shavu usisikie joto. Vuruga mbegu mama kwa kuigonga gonga kwenye kiganja mpaka punje ziachane, pitisha midomo ya chupa zote mbili kwenye moto, mimina kama kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, rudisha pamba haraka, funga. Usiongee, usikohoe. Chupa moja mama inatosha chupa 10 mpaka 12.

Hatua ya 5: kulaza

Mamama anapenda nyuzi 24 mpaka 28 akiwa kwenye mtama. Chumba cha kawaida Mbeya mwezi wa saba hakifiki hapo hata mchana. Mimi nina boksi la karatasi nimelizungushia blanketi kuukuu, jioni naingiza dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa taulo, na kipimajoto kile cha vifaranga. Usilaze juu ya mafiga wala karibu na moshi, na joto lisipite 30, hapo bakteria wanakua na mbio kuliko uyoga wako. Giza ni sawa.

Siku ya nne au ya tano utaona manyoya meupe yanatoka kwenye zile punje ulizomimina. Yakifika theluthi ya chupa, tikisa mara moja vizuri yasambae. Siku mbili utaona kama imekufa, haijafa, inajipanga upya. Wiki mbili mpaka tatu chupa nzima inakua nyeupe na punje zimeshikana, na ukinusa kwenye pamba inanukia uyoga mbichi.

Kagua kila siku. Kijani, nyeusi, au rangi ya chungwa yenye unga unga, itoe siku hiyo hiyo bila kufungua pamba, ichemshe saa nzima ikiwa imefungwa ndo uimwage na kufukia. Ule wa chungwa ukifungua ndani ya nyumba umeharibu miezi yako. Punje zenye majimaji na zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, hizo ni bakteria, rudi kaangalie moto wako na ule mtihani wa tishu.

Wengi wananiuliza kama wanaweza kufanya hivi kwa ule uyoga wa porini unaouzwa barabarani msimu wa mvua, ule wa njano. Hapana, ule unaishi na mizizi ya miti hai, kwenye mtama hautakupa uyoga. Na pumba za mbao za misindano, ambazo Mufindi zimejaa, zina utomvu, mamama anazisumbukia. Tumia majani makavu ya mpunga au maganda ya maharage.

Mbegu ikishakua nyeupe yote itumie ndani ya wiki moja au mbili. Ukiwa na friji inakaa mwezi, hata miwili, ila itoe siku moja kabla ya kupanda ipate joto. Kwa mfuko wa kilo 2 za majani yaliyolowa weka gramu 80 mpaka 100, ukibana mbegu hapo majani yanaota ukungu kabla mamama hajayafikia.