Kampuni Inapotaka Kuwekeza kwenye Elimu na Kipato cha Wanawake: Anzeni na Kata Moja

Kampuni nyingi nchini Tanzania hutawanya bajeti ya jamii: madawati wilaya hii, vyerehani wilaya ile, picha na hundi kubwa ya mfano, kisha kimya. Chagueni kata moja mnakofanyia kazi, mkae nayo miaka mitatu, na fedha ya elimu na ya akina mama ielekezwe kwenye kaya zilezile. Binti huacha shule mara nyingi kwa sababu mfuko wa nyumbani umekauka. Ukisaidia shule bila kugusa mfuko huo, utampata mwaka huu na kumpoteza mwaka ujao.

Kabla ya kutaja kiasi chochote cha fedha, nendeni kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata, Afisa Elimu Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii. Ombeni madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu, wasichana peke yao na wavulana peke yao, na muone ni kidato gani majina ya wasichana yanapungua. Kisha hitaji lijadiliwe kwenye mkutano wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Kwa kampuni za madini hili si hiari: baada ya marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inazitaka ziandae mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri.

Upande wa shule, msitenge ada ya shule za serikali. Tangu 2016 elimu haina ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Kinachowatoa wasichana ni kukosa chakula cha mchana, sare na choo, pamoja na umbali. Kiwango cha choo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, kwa hiyo shule yenye wasichana 240 na wavulana 250 inahitaji matundu 12 na 10. Ongezeni chumba cha kujistiri chenye maji, kitasa cha ndani na sehemu ya kuchomea taulo za kike. Choo bila maji hufungwa mapema, kwa hiyo tangi na mfereji wa kukinga mvua viingie kwenye makadirio ya mhandisi tangu mwanzo, na bakizeni 10% ya malipo ya fundi hadi mvua ya kwanza ipite. Palipo na umbali mrefu, mabinti hupanga vyumba mitaani bila mtu mzima wa kuwaangalia. Hapo bweni lenye matroni litangulie madarasa. Wakumbukeni pia waliojifungua: tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shuleni, ila wengi hawana wa kumwachia mtoto.

Kwa akina mama, kosa kubwa kuliko yote ni kumimina fedha ya kampuni kwenye sanduku la kikundi chao cha kuweka akiba na kukopana. Hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, hukaa sawa kwa sababu kila mmoja anajua fedha ile ni jasho la mwenzake. Ikiingia ya mgeni, mikopo huchukuliwa kama zawadi na marejesho hukoma. Lipieni mkufunzi, sanduku la kufuli tatu na madaftari tu. Funguo zishikwe na wanachama watatu, na mtunza sanduku asiwe miongoni mwao. Kikundi kiwe na watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, kila mmoja anunue hisa 1 hadi 5 kwa kikao, akope si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mgao wa akiba ufanyike baada ya miezi 9 hadi 12. Wanachama 25 wakinunua wastani wa hisa 3 za shilingi 1,000 kila wiki, kwa wiki 48 wanaweka shilingi 3,600,000, bila kuhesabu riba. Pangeni mgao uangukie Desemba, kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Mzunguko wa kwanza ukiisha salama, kisaidieni kikundi kujisajili na kufungua akaunti ya benki, kiombe mkopo usio na riba wa halmashauri, ambako 4% ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake.

Halafu nunueni kwao, maana mafunzo ya ushonaji bila mnunuzi huishia kwenye vyerehani vyenye vumbi. Sare za wafanyakazi, mboga na mayai ya kantini, vyote vinawezekana, ila mhasibu wa kampuni aketi nao kabla ya oda ya kwanza. Wengi hukwama kwa kukosa namba ya mlipakodi (TIN) au risiti ya mashine ya kodi (EFD), na mzigo ukishapokelewa malipo hugoma. Wekeni pia kwenye mkataba malipo ndani ya siku 14. Kampuni inayolipa baada ya siku 90 inamlazimisha mama mwenye mtaji wa laki mbili kukopa mtaani kwa riba ili aisubiri.